Mguu Mdogo wa Nyuma: Somo la Ufundi kwa Wafanyakazi wa Ufukweni



Huenda baadhi yenu mtauliza: sisi wa Muhuta, tulio kati ya mlima na ziwa, ambao theluji tunaisikia tu, tutapata faida gani kujifunza jinsi ndege ndogo inavyofungwa ubao wa kutelezea chini ya mkia? Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu kabla hatujaanza.

Kwanza, sheria ya uzito ni moja. Inafanya kazi kwenye theluji ya Alaska, kwenye tope la mashamba ya michikichi ya Rumonge, na kwenye maji ya Tanganyika. Pili, ziwa letu lenyewe limewahi kubeba ndege za namna hii, mwaka 1916. Hazikuwa na mbao za theluji, bali maboya, na moja lilikuwa boya dogo chini ya mkia. Tatu, kazi ya kufunga chombo kama hicho ni kazi ya fundi, yaani mfanyakazi kama sisi, na maisha ya watu wengine hutegemea alichokiona na alichokifanya. Jambo hili la tatu ndilo kiini cha somo, nasi tutalifikia mwishoni.

1. Kwa nini kitu huzama

Tuanze na tunachokijua. Wakati wa mvua, toroli lililojaa mikungu ya chikichi likipita kwenye njia ya udongo, gurudumu lake huzama. Tukitandika ubao, toroli lile lile, na mzigo ule ule, hupita. Uzito haukupungua hata kilo moja. Kilichobadilika ni ukubwa wa mahali uzito unapolalia.

Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano. Tuseme mkia wa ndege ndogo unailemea ardhi kwa kilo 40, na gurudumu la mkia linagusa chini kwa sentimita za mraba 20. Gawanya 40 kwa 20: kila sentimita ya mraba inabeba kilo 2. Sasa tuweke chini ya mkia ubao wenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 20. Eneo lake ni sentimita za mraba 1,000. Gawanya kilo 40 kwa 1,000: kila sentimita ya mraba inabeba gramu 40 tu. Mzigo juu ya kila sentimita umepungua mara 50. Theluji isiyoweza kubeba kilo 2 inaweza kubeba gramu 40.

Ubao huo huitwa ski. Ni mwembamba, mrefu, na pua yake imepindwa kwenda juu kama pua ya mtumbwi, ili upande juu ya theluji badala ya kuichimba. Chini hupakwa au kubandikwa kitu cha kuteleza, kwa sababu theluji ina tabia ya kushika. Ndege ikisimama usiku kucha, ski zinaweza kuganda na kunata. Ndiyo maana marubani wa nchi za baridi huipandisha ndege yao juu ya matawi au miti kabla ya kuiacha ilale.

2. Ndege inayokaa mkia chini

Ndege ndogo ni za namna mbili. Kuna zile zenye gurudumu moja chini ya pua na mawili nyuma yake. Na kuna zile zenye magurudumu mawili makubwa mbele, na gurudumu moja dogo chini ya mkia. Ndege zinazotua porini, mahali pasipo na uwanja wa lami, mara nyingi ni za namna hii ya pili. Mifano yake ni Piper Super Cub, Cessna 185 na de Havilland Beaver. Zikisimama, pua huangalia juu na mkia huwa chini, kwa hiyo rafadha yake hukaa mbali na mawe na majani.

Wakati wa theluji, magurudumu mawili ya mbele hufungwa ski kubwa. Kila mtu huziona na kila mtu huzikumbuka. Gurudumu la nyuma ni dogo, halibebi uzito mwingi, na ni rahisi kusema, “Hili liache lilivyo.” Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Katika theluji nene gurudumu hilo huzama na kulima kama jembe. Mkia hukaa chini mno, na mabawa madogo ya mkia huweza kugonga theluji. Rubani anapotaka kuruka anashindwa kuunyanyua mkia mapema, ndege inakokota jembe lake, na njia ya kurukia inakwisha kabla ndege haijapata mwendo wa kutosha. Mbele ni miti.

Tuzingatie jambo hilo: ski mbili kubwa zimefungwa vizuri, injini ni nzima, rubani ni hodari, lakini safari nzima imezuiwa na gurudumu lisilozidi ukubwa wa sahani.

3. Jinsi ski ya mkia inavyofungwa

Hatuandiki hapa kitabu cha mafundi wa ndege. Tunaeleza hatua kuu ili msomaji aone namna fundi anavyofikiri. Hatua hizo ni sita.

(a) Kuinua na kukaza. Ndege huzuiwa isisogee, kisha mkia huwekwa juu ya kigogo imara. Hakuna anayeingiza mkono chini ya kitu kilichoinuliwa kwa jeki peke yake. Sheria hii ni ya gereji zote duniani.

(b) Kukagua kinachobeba. Kabla ya kufunga kitu kipya, fundi huangalia cha zamani kitakachokibeba: springi ya mkia, bolti zake, na mahali inapoungana na mwili wa ndege. Akiona ufa mwembamba kama unywele, kazi inasimama. Kufunga kitu kipya juu ya kitu kilichopasuka ni kuuficha ufa.

(c) Kuweka ski. Kuna za namna mbili. Namna moja huchukua mahali pa gurudumu. Namna nyingine hulizunguka gurudumu, likabaki limechungulia chini kidogo, ili ndege iweze kutembea pia mahali pagumu pasipo theluji.

(d) Kuishika pua ya ski. Ndege ikiwa angani, upepo hupiga ski kwa nguvu. Pua yake ikiinama, upepo huikandamiza zaidi na ski husimama kama mlango uliofunguliwa dhidi ya upepo. Kwa hiyo pua huvutwa juu kwa springi au kwa mpira wenye nguvu. Zaidi ya hapo huwekwa waya wa chuma wa usalama, ili mpira ukikatika, ski isiweze kuinama kupita kiasi. Waya huo siku zote haufanyi kazi yoyote. Umewekwa kwa ajili ya siku moja tu.

(e) Kugeuza usukani. Fundi huugeuza usukani wa mkia hadi mwisho wa kulia, kisha hadi mwisho wa kushoto, akiangalia kama ski au waya unagusa kitu. Haifai kuridhika kwa kutazama tu. Lazima kugeuza.

(f) Kufunga nati na kuandika. Kila nati hufungwa kwa pini au kwa waya ili mtikisiko usiilegeze. Kisha chombo hupimwa uzito, hesabu hufanywa upya, na fundi huandika katika kitabu cha ndege kitu alichokifunga na tarehe, akatia sahihi. Chombo chenyewe lazima kiwe kimeidhinishwa kwa ndege ya aina hiyo. Ubao mzuri kwa ndege moja unaweza kuwa hatari kwa nyingine.

4. Kilo tatu za nyuma

Kwa nini uzito upimwe upya, wakati ski ya mkia na vifungio vyake ni kilo chache tu? Wavuvi wetu wanalijua jibu. Mtu mmoja akikaa katikati ya mtumbwi, mtumbwi hautikisiki. Mtu yule yule akienda kukaa mwisho kabisa wa nyuma, pua inanyanyuka. Uzito wake ni ule ule, lakini umbali kutoka katikati umeongezeka.

Hesabu yake ni hii: zidisha uzito kwa umbali. Tuseme ski na vifungio vyake ni kilo 3, na iko mita 5 nyuma ya mahali ndege inapolingana. Tatu mara tano ni 15. Ili kusawazisha kwa mzigo ulio mita moja tu mbele, tunahitaji kilo 15. Yaani kilo 3 za mkiani zinafanya kazi ya kilo 15 za karibu.

Ndege iliyozidiwa mkia hunyanyua pua bila kutakiwa. Mwendo hupungua, mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba, na ndege huanguka. Kwa hiyo kitu kinachoisaidia ardhini kinaweza kuidhuru angani kama hakikuhesabiwa. Msaada na hatari vimo katika kifaa kimoja. Kinachovitenganisha ni kazi ya fundi.

5. Ziwa letu mwaka 1916

Sasa tutoke kwenye theluji tuje nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, upande wa mashariki wa Tanganyika, pamoja na ufukwe wetu wa Burundi, ulikuwa chini ya Wajerumani, na upande wa magharibi chini ya Wabelgiji. Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyojengwa Ujerumani, ikavunjwavunjwa, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma na kuunganishwa tena huko. Iliingia majini mwaka 1915.

Wabelgiji walipata kutoka Uingereza ndege nne za majini aina ya Short 827. Zilipakiwa melini mwanzoni mwa 1916 hadi mlango wa mto Kongo, kisha zikavuka nchi nzima kwa reli na kwa vyombo vya mto mpaka kwenye ziwa. Kituo chao kilikuwa Tungwe, kwenye ziwa dogo lililo karibu na Tanganyika, upande wa Kongo.

Ndege hizo zilikuwa za mbao na kitambaa, zenye viti viwili, na mabawa yenye urefu wa zaidi ya mita 16 kutoka ncha hadi ncha. Hazikuwa na magurudumu. Mbele zilikuwa na maboya mawili makubwa, mfano wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti kama ile ya wavuvi wetu wa ndagala. Kwenye ncha za mabawa kulikuwa na maboya madogo. Na chini ya mkia kulikuwa na boya dogo. Lilikuwa na kazi ile ile ya ski ya mkia: ndege inaposimama au inapokwenda polepole, mkia usizame.

Hesabu ya boya ni rahisi kuliko ya ski. Kila lita moja ya maji inayosukumwa kando hubeba kilo moja. Boya lenye nafasi ya lita 60, likizama lote, hubeba kilo 60 pamoja na uzito wake lenyewe. Lakini mbao hupasuka kwa jua na maungio huachia. Zikiingia lita 20 za maji, boya lile hubeba kilo 40 tu. Na ubaya haukomi hapo. Ndege ikiruka, zile lita 20 huruka nayo zikiwa mkiani. Rudi kwenye somo la mtumbwi: kilo 20 mara mita 5 ni 100. Tatizo lililokuwa la maji limekuwa tatizo la hewa. Kwa hiyo kila siku ya kazi maboya lazima yakaguliwe na maji yatolewe.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka mpaka Kigoma na kudondosha mabomu kwenye bandari ilikokuwa Graf von Götzen. Mwezi huo huo jeshi la Wabelgiji liliingia Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura. Mwishoni mwa Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe na kuondoka Kigoma. Baadaye iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wazee wengi wa ufukwe huu wanalijua vizuri. Behaeghe mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huko Kongo mwezi Desemba 1916.

Hatusimulii haya ili kusifu vita. Vita hivyo vilikuwa ugomvi wa mataifa ya Ulaya, na uzito wake ulibebwa na mabega ya watu wetu. Tunayasimulia kwa sababu moja. Majina ya marubani yamo vitabuni. Lakini nani aliyebeba masanduku ya injini? Nani aliyesimama ndani ya maji akiishika ndege isigonge ufukwe, akakamua maji kutoka ndani ya boya la nyuma? Watu hao walikuwepo, kwa maana bila wao hakuna ndege ambayo ingepaa. Mkia hauonekani na aliye kwenye kiti cha mbele. Anayeuona ni aliye chini.

6. Mnyororo wa tela

Tumefika kwenye kiini. Tutaeleza jambo lililotokea kwenye shamba moja ambalo hatutalitaja, kwa kuwa hatutaki kumhukumu mtu, tunataka kujifunza.

Trekta lilikuwa likivuta tela la mikungu kutoka mlimani. Tela hushikwa na pini, na kando ya pini kuna mnyororo wa usalama. Kama ule waya wa ski, mnyororo huo haufanyi kazi yoyote siku zote, ila siku pini itakapochomoka. Mnyororo ulikuwa umekatika na kuondolewa. Fundi aliona. Alimwambia kapita, naye kapita akajibu kwamba mzigo unangoja na mnyororo utanunuliwa mwisho wa mwezi. Fundi akaandika katika daftari lake: tarehe, namba ya tela, “mnyororo haupo, nimemwarifu kapita.” Kisha trekta likatoka.

Siku ya kumi na moja pini ilichomoka kwenye mteremko. Tela lilirudi nyuma na kumbana mwenzetu aliyekuwa akitembea pembeni. Aliishi, lakini mguu wake ulikatwa juu ya goti.

Ripoti ya kwanza ilisema kosa ni la dereva, kwamba alikwenda kasi. Dereva alikuwa karibu kufukuzwa. Tulipokaa mezani pamoja na waajiri, fundi alitoa daftari lake. Ukurasa ule mmoja ulibadilisha mazungumzo yote. Dereva alibaki kazini, na majeruhi akalipwa fidia yake.

Baada ya kikao tulimpongeza fundi. Hakufurahi. Alituambia, “Ndugu zangu, mimi niliandika, lakini sikulisimamisha trekta.”

Maneno hayo tumeyafikiria sana. Kuandika kuliokoa kazi ya dereva. Kusimamisha kungeuokoa mguu wa mwenzetu. Lakini pia hatuwezi kumlaumu fundi peke yake. Mtu mmoja akisimama mbele ya trekta anaweza kupoteza mkate wa watoto wake. Alihitaji wenzake wasimame naye, na siku ile hakuwa nao. Lawama hiyo ni yetu sisi chama kabla ya kuwa yake.

7. Tufanye nini

Kwanza, tujue haki. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya kutosha ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake, lazima alindwe asipate madhara yasiyo ya haki. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa kati ya mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inawajibika kuziheshimu.

Pili, kila kundi la kazi lichague mtu wa kuangalia “mkia”: vile vifaa vidogo vya usalama visivyoonekana na aliye kwenye usukani. Mnyororo wa tela, kifuniko cha mkanda wa mashine, pini ya jeki, breki ya toroli. Viandikwe katika orodha, na orodha isomwe kila Jumatatu kabla ya kazi.

Tatu, fundi asitie sahihi kwa kazi ambayo hakuikagua, na asiombwe kufanya hivyo. Sahihi ni neno la mtu kwa mtu asiyemjua.

Nne, mmoja akisema “tusimame,” wengine wasimuache peke yake. Hata wasipojua ufundi wake, wasimame kwanza, kisha waulize.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Toroli lenye mzigo wa kilo 100 linagusa ardhi kwa sentimita za mraba 25. Kila sentimita inabeba kilo ngapi? Tukilipitisha juu ya ubao wa sentimita 20 kwa 125, na tukichukulia kwamba ubao wote unabeba sawasawa, kila sentimita itabeba gramu ngapi?

2. Kwa nini waya wa usalama wa ski huwekwa, wakati mpira wa kuvuta upo na ni mzima?

3. Katika kazi yenu, ni kifaa gani ambacho hakifanyi kazi yoyote mpaka siku ya ajali? Kipo? Nani alikikagua mara ya mwisho?

4. Kama ungekuwa fundi wa tela, siku ile ungefanya nini? Kama ungekuwa mwenzake, je?

Swali la nne lisijibiwe haraka. Lijadiliwe na wote, wanaume kwa wanawake, vibarua pamoja na wenye mkataba, kwa maana njia ya mteremko wanaipita wote.